TAHADHARI: "Mafuta ya kutunzia brashi" kwenye chupa zisizo na lebo

Waandishi wa mabango, kuweni macho. Kuna muuzaji anayesambaza mtandaoni chupa za mafuta ya bluu anayoyaita "mafuta ya kutunzia brashi", pamoja na chupa ya pili, "dawa ya kufufua brashi". Hazina lebo, anataka pesa kwanza, na ukimuuliza kuna nini ndani anajibu kuwa ni siri ya biashara. Zote mbili zinaua brashi za manyoya, hasa za kindi, ambazo ni ghali na ndizo zinazobeba rangi ya kutosha kuvuta herufi ndefu bila kukatika.

Hayo ya bluu, kwa harufu yake na jinsi yanavyokauka, ni mafuta ya kitani yaliyozimuliwa kwa mafuta ya taa na kutiwa rangi. Mafuta ya kitani yanafaa ndani ya rangi kwa sababu yakipata hewa huvuta oksijeni na kugeuka utando mgumu. Kwenye brashi iliyowekwa akiba, hiyo ndiyo balaa. Siku za mwanzo manyoya yanang'aa na kulala vizuri, na hapo ndipo video za muuzaji huyo zinapoishia. Baadaye shina, yaani pale manyoya yanapoingia kwenye bati linaloyashika kwenye mpini, linakakamaa. Ukibonyeza brashi inachanua, ncha inagawanyika, na mstari mmoja unatoka miwili. Hata mafuta ya alizeti hufanya hivyo, ila polepole zaidi: yananata kwanza.

Ile "dawa" ni mbaya zaidi. Dalili zote ni za kostiki soda. Ni kweli inalainisha rangi iliyokauka, lakini manyoya ni protini ileile ya nywele za kichwani, na kostiki inaiyeyusha. Brashi inatoka safi, halafu manyoya yanaanza kukatika na kubaki ndani ya herufi. Kama bati ni la alumini utaona vipovu. Usiiguse bila glavu.

Kama tayari unazo, zipime kabla ya kuzitumia. Paka tone la mafuta jembamba juu ya kioo, uliache wiki nzima mahali penye hewa. Likinata au likifanya ngozi, ni mafuta yanayokauka, hayafai. Likitoweka lote, umeuziwa mafuta ya taa. Linalofaa hubaki bichi vilevile. Kwa "dawa", tumbukiza unywele uliokatwa na uuache usiku kucha. Ukilegea au kukatika, basi usiitumie.

Utunzaji wenyewe hauhitaji chupa ya siri. Kwa rangi ya mafuta, kamulia rangi kwenye tambara kuanzia shina kuelekea ncha. Andaa vikopo 3 vya tapentaini ya madini, kila kimoja chenye tapentaini ya kutosha kufunika manyoya yote. Cha kwanza kinatoa rangi nyingi, cha pili kinasafisha shina (lifinye kwa vidole huku likiwa limezama, kwa maana rangi hujificha humo), cha tatu kinapaswa kubaki karibu cheupe. Kikichafuka, rudia. Kisha chovya kwenye mafuta yasiyokauka: oili mpya ya injini au mafuta laini ya watoto yaliyotengenezwa kwa madini. Oili chafu iliyotoka kwenye gari usiiguse, ina masizi na chembe za chuma. Nyoosha manyoya kwa vidole mpaka ncha iwe bapa, laza brashi, usiisimamishe kwa ncha hata dakika moja. Siku ya kazi, isuuze mafuta yote kwa tapentaini kabla ya kuchovya rangi. Yakibaki, rangi haitashika wala kukauka sawasawa. Brashi za rangi ya maji huoshwa kwa sabuni laini na maji vuguvugu, si ya moto.

Kwa waliokwisha kupaka ya bluu: kama manyoya bado ni laini, suuza leo kwa tapentaini mara kadhaa, kisha utie oili. Yakiwa yananata, ning'iniza brashi ndani ya tapentaini usiku kucha bila ncha kugusa chini, uyachane kwa kitana chembamba. Shina lililokuwa jiwe halirudi.

Na matambara yaliyofyonza mafuta hayo ya bluu msiyarundike kwenye kona ya karakana. Mafuta ya kitani yakikauka ndani ya rundo hutoa joto, na tambara linaweza kuwaka lenyewe. Yaloweke kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko, au yatandaze nje moja moja mpaka yakakamae.