Vipindi 28 vya akupancha kwa ajili ya choo kigumu: nilichopata na nisichopata

Kwa miaka sita nimeishi na tatizo ambalo watu hulitaja kwa sauti ya chini, nalo ni kufunga choo. Sizungumzii ile hali ya siku mbili tatu inayompata mtu safarini kisha ikaondoka yenyewe, bali choo kigumu kama cha mbuzi, mara moja au mbili kwa wiki, kwa kujikamua hadi jasho linatoka, na hata baada ya kutoka msalani kubaki na hisia kwamba haja haijaisha. Madaktari huihesabu hali hii kuwa sugu pale dalili zinapokuwa zimeanza si chini ya miezi sita iliyopita na kuendelea katika miezi mitatu ya karibuni. Nilikuwa nimekwisha kujaribu kuongeza nyuzinyuzi, maji na mazoezi, nikatumia ule unga wa kukorogwa unaovuta maji utumboni, nikameza na vidonge vya haluli. Kila kimoja kilinisaidia kwa kiasi chake, ila nilichoka kupanga siku zangu kwa kufuata saa ya dawa, ndipo nikaamua kujaribu akupancha, ile tiba ya Kichina ya kuchomwa sindano nyembamba mwilini.

Mtoa huduma wa kwanza aliniahidi kwamba vipindi vitatu vingetosha. Hakuniuliza natumia dawa gani, hakuuliza kama nimewahi kuona damu, wala hakutaka kujua kama choo kinachelewa njiani utumboni au kinafika mwisho kikagoma kutoka. Alinichoma sindano za mikono na miguu, akazima taa, akaniacha nusu saa. Usingizi niliupata mzuri, choo sikukipata.

Wa pili alinikalisha kwa muda mrefu kabla ya kugusa sindano. Aliuliza kuhusu vidonge vya kuongeza madini ya chuma, dawa za shinikizo la damu, dawa kali za maumivu, kisukari na tezi ya shingo, kwa kuwa vyote hivyo vinaweza kufunga choo, na sindano haiondoi kidonge kinacholeta shida. Alinionyesha chati ya Bristol, ile yenye michoro ya aina 7 za choo, kuanzia ya 1 iliyo vipande vigumu hadi ya 7 iliyo majimaji, nikaonyesha aina ya 1 bila kusita. Akakataa kuanza mpaka daktari anichunguze, na hapo ndipo alipoanza kupata imani yangu. Wapo watu ambao misuli ya sakafu ya nyonga, ile inayozunguka njia ya haja, hukaza wakati inapopaswa kulegea, na tiba inayowafaa zaidi ni kufundishwa upya namna ya kuitumia misuli hiyo. Mtu wa namna hiyo akipelekwa moja kwa moja kwenye sindano anapotezewa muda. Na aliyeanza kuona damu, kupungua uzito bila sababu, kuishiwa damu, au aliyebadilika ghafla utaratibu wake wa choo akiwa mtu mzima, aende hospitali kwanza. Akupancha si mahali pake pa kuanzia.

Kipindi chenyewe kilikuwa cha nusu saa. Sindano za akupancha hazina tundu, nazo ni nyembamba kuliko zile za kuchomea dawa. Kila mara zilitolewa kwenye pakiti mpya mbele ya macho yangu na kutupwa baada ya matumizi. Zilichomwa kulia na kushoto katika sehemu tatu: Tianshu, ambayo ipo kando ya kitovu kwa upana wa vidole vitatu hivi, Fujie, iliyo nje na chini kidogo ya hiyo, na Shangjuxu, mbele ya mguu chini ya goti. Mchomo wenyewe si kitu. Kinachoshangaza ni kinachofuata, pale sindano inapozama na mtu kuhisi uzito, kama kidole kinachobonyeza kutokea ndani, hisia ambayo Wachina huiita deqi. Kisha vibanio vyenye nyaya huunganishwa kwenye sindano na umeme mdogo ukapitishwa. Ngozi ya tumbo langu ilianza kudundadunda kama jicho linalocheza, na nikacheka, jambo ambalo sishauri ukiwa na sindano tumboni.

Umeme huo ndio uliokosekana kwa yule mtoa huduma wa kwanza, na sikuuona kuwa jambo dogo baada ya kusoma utafiti wenyewe. Mwaka 2016 jarida la Annals of Internal Medicine lilichapisha matokeo ya wagonjwa 1,075 katika hospitali 15 nchini China. Nusu walipewa akupancha ya umeme, nusu sindano za danganya toto, yaani za juujuu na mahali pasipohusika. Vipindi vilikuwa 28 ndani ya wiki 8: mara tano kwa wiki katika wiki mbili za mwanzo, kisha mara tatu. Kipimo kilikuwa haja inayokuja yenyewe na kumalizika kabisa. Kundi la umeme liliongeza haja 1.76 kwa wiki, lile lingine 0.87. Waliofikia wastani wa haja tatu au zaidi kwa wiki walikuwa asilimia 31.3 dhidi ya 12.1, na tofauti hiyo iliendelea kuonekana katika wiki 12 baada ya sindano kukoma.

Nilizisoma takwimu hizo mara mbili, kwa sababu zinaweza kupigiwa debe au kupuuzwa kwa urahisi uleule. Faida ipo, lakini ni kama haja moja zaidi kwa wiki kuliko sindano bandia, na zaidi ya theluthi mbili ya waliotibiwa hawakufikia tatu. Isitoshe, waliochoma walijua nani anapewa nini, hata kama wagonjwa hawakujua. Utafiti mwingine wa China uliochapishwa 2021 uliilinganisha akupancha ya umeme na prukalopraidi, dawa ya kuamsha mwendo wa utumbo, na matokeo yakakaribiana sana. Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja nzito zaidi, hasa kwa mtu ambaye dawa zinamletea kichwa kuuma au kuharisha.

Daftari langu linasema hivi. Kabla ya kuanza: haja moja iliyokamilika kwa wiki. Wiki mbili za kwanza: ileile moja, na michubuko miwili ya bluu tumboni. Wiki ya nne: mbili. Wiki ya nane: tatu, na choo kimehama kutoka aina ya 1 hadi ya 3. Unga sikuuacha, ila niliupunguza kwa nusu, kwa hiyo sitazipa sindano sifa zote. Tena kulala kimya nusu saa, mara 28, huku mtu akikuuliza kwa makini habari za choo chako, nayo ni tiba ya aina yake.

Lawama zangu ni mbili. Ya kwanza ni muda: kufika mara tano kwa wiki ni mzigo, na anayefanya kazi za zamu atashindwa. Ya pili ni kwamba hakuna aliyeniambia nile kabla ya kipindi; siku moja nilikwenda na njaa, kichwa kikazunguka, sindano zikatolewa haraka. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asikubali umeme, na mjamzito au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aseme mapema kabla hajalala kitandani.

Siku ya mwisho nilishauriwa kulipia vipindi kumi zaidi "vya kuimarisha". Nilifungua daftari, nikauliza vitaimarisha nini hasa, naye akalipitia ukurasa kwa ukurasa na kukubali tusubiri. Huu ni mwezi wa nne tangu siku hiyo. Wiki iliyopita niliandika tatu, ya kabla yake mbili, na sijarudi.