Sabufa ya gari kwa mfuko mdogo: ipi ichukue kwanza, ipi iache dukani

Kabla hujagusa sabufa (spika ya besi) yoyote dukani, gawa pesa zako mafungu manne: sabufa yenyewe, amplifaya, boksi na waya. Kosa ninaloliona mara nyingi ni mtu kumaliza fungu lote kwenye spika kubwa, kisha akaiunganisha na amplifaya dhaifu na boksi la kukisia. Besi ya namna hiyo huvuma tu. Gitaa na ngoma huwezi kuvitofautisha. Kwa hiyo sipangi kwa ukubwa wa spika. Napanga kwa kile utakachosikia baada ya kulipia vyote vinne.

Kuhusu wati, namba kubwa kwenye katoni ni ya kilele, nguvu ambayo spika huistahimili kwa kitambo kifupi sana. Inayokuhusu ni RMS, yaani wati inazozibeba muda wote bila kuungua. Pioneer TS-A300D4 hutangazwa kwa wati 1500, lakini kampuni yenyewe inaeleza kwamba za kawaida, yaani za muda wote, ni 500. Huo ni uungwana. Katoni isiyoonyesha RMS popote iache hapo hapo.

Amplifaya nayo ina njia ya kuipima: soma fyuzi yake. Injini ikiwaka, umeme wa gari huwa karibu volti 14. Fyuzi ya ampea 30 mara 14 ni wati 420 zinazoingia, na amplifaya ya daraja D, aina isiyopoteza umeme mwingi kuwa joto, hutoa takriban asilimia 80 ya hizo, kama wati 335. Ukikuta fyuzi hiyo kwenye amplifaya iliyoandikwa wati 2000, umeshajua kuwa namba hiyo si ya kweli.

Nafasi ya kwanza naipa sabufa moja ya inchi 10 ndani ya boksi lililozibwa kabisa, ikisukumwa na amplifaya ya chaneli moja ya RMS 200 hadi 300. Hewa iliyofungiwa ndani ya boksi hufanya kazi kama springi: huirudisha koni, ule uso wa spika unaosogea, mahali pake na kuizuia isipitilize. Boksi la aina hii husamehe makosa. Fundi akikosea lita moja au mbili hutasikia tofauti kubwa. Spika nyingi za inchi 10 hutosheka na lita 15 hadi 25, hivyo nafasi ya mizigo inabaki. Na kwa kuwa ndani ya gari ni padogo na pamefungwa, gari lenyewe huinua sauti za chini kabisa, zile ambazo boksi lililozibwa huanza kuziachia. Unapolinganisha mbili, tazama namba ya desibeli, yaani ukubwa wa sauti ambao spika hutoa kwa wati chache zile zile, ambayo wanunuzi wengi huiruka. Tofauti ya desibeli 3 ni sawa na kuongeza wati mara mbili: spika ya desibeli 89 kwa wati 150 hutoa sauti sawa na ya desibeli 86 kwa wati 300. Hapo umeokoa pesa ya amplifaya.

Ya pili ni sabufa nyembamba ya chini ya kiti, yenye amplifaya ndani yake. Kenwood KSC-SW11 ni mfano mzuri: RMS 75, umbo dogo, kidhibiti cha mkononi. Vioo havitatetemeka. Lakini muziki unapata kitako, spika za milango zinapumzika, na huhitaji boksi wala amplifaya ya pembeni. Kama gari ni la familia na buti lina kazi nyingine, ihesabu hii kuwa ya kwanza.

Ya tatu ni inchi 12 katika boksi lenye tundu. Koni yake ina eneo kubwa kuliko ya inchi 10 kwa karibu asilimia 44, na tundu huongeza sauti bila kuongeza wati. Naiweka chini kwa sababu boksi hili halisamehi. Lazima lipimwe kwa karatasi ya mtengenezaji wa spika hiyo hiyo, maana kwa sauti za chini kuliko ile ambayo tundu limepimiwa, koni haina kinachoishika na inaweza kujivunja. Boksi la tundu lililokwisha tengenezwa, lisilojulikana lilikusudiwa spika gani, usilinunue.

Spika mbili za bei ya chini, au ya inchi 15 isiyo na jina, naziweka mwisho kabisa. Bora ununue iliyotumika ya kampuni inayojulikana.

Omu, kipimo cha ukinzani wa umeme, zisikuchanganye. Sabufa ya koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni) mbili za omu 4 ukiiunga sambamba ni omu 2, ukiiunga mfululizo ni 8. Ya koili mbili za omu 2 huwa 1 au 4. Soma kwanza amplifaya yako inavumilia omu ngapi, ndipo uchague koili.

Kwenye waya usibane. Kwangua kwa wembe: ukiona weupe ndani, ni alumini iliyopakwa shaba, na itabidi ununue nene zaidi kwa kazi ile ile. Fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu waya ukichubuka kabla ya fyuzi hakuna kitakachozuia moto.

Na ukienda kuangalia iliyotumika, beba mita ya kupimia umeme. Koili ya omu 4 husoma pungufu kidogo, 3 na pointi. Ikisoma sifuri, au isiposoma kitu, imekufa. Kisha tandaza vidole kwenye koni, isukume taratibu, sikiliza. Ikikwaruza, au ikinuka kuungua, irudishe mezani.