Mafunzo ya kupiga picha za watoto wachanga Mwanza: kabla hujalipa, soma hii

Kama una laki na nusu unataka kulipia yale mafunzo ya wikiendi ya kupiga picha za vichanga, yanayofanyika ghorofani hapo katikati ya mji, subiri kwanza. Jina la studio sitaji, waliopita pale watajua naongelea nani.

Siku ya vitendo aliletwa mtoto ambaye hata mwezi alikuwa hajafikisha. Mama yake alitoka naye Buzuruga kwa daladala, amemfunika kanga mbili, kwa kuwa aliahidiwa picha za bure. Akamnyonyesha, akambeulisha, mtoto akasinzia. Mpaka hapo kila kitu sawa.

Mwalimu akataka lile pozi mnaloliona mtandaoni, mtoto amelala kifudifudi, kidevu juu ya viganja, kichwa kimesimama. Jamani, ile picha si moja! Ni mbili. Ya kwanza mtu anashika kichwa, ya pili anashika mikono, halafu zinaunganishwa kwenye kompyuta na vidole vya mshikaji vinafutwa. Hakuna kichanga anayeinua kichwa hivyo peke yake. Sisi hatukuambiwa hilo. Alimpanga mtoto ndani ya beseni, akaachia, akasema "Pigeni haraka." Kichwa kikaenda upande, kikapiga ukingo wa beseni. Beseni lilikuwa limetandikwa blanketi la manyoya, lakini sauti ya "to" niliisikia nikiwa nyuma kabisa.

Mama akaruka kumshika. Na hapa ndipo damu inanichemka hadi leo. Yule bwana akamwambia mbele yetu wote, "Mama, ukimshikashika hivyo picha hazitatoka. Kama una wasiwasi kasubiri nje." Mama wa watu akajibu kwa upole, "Kaka, shingo ya mwanangu bado haijakaza." Hakuombwa radhi. Alimfunga mtoto wake na kanga, akaaga, akashuka ngazi. Mimi na dada mmoja tuliyekuwa naye darasani tukamfuata hadi kituoni, tukamlipia nauli. Tuliporudi somo lilikuwa linaendelea na mdoli kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa niseme na haki yake, maana sipendi kumsemea mtu uongo. Somo la mwanga lilikuwa zuri, tena zuri sana. Sisi hapa tuko karibu na ikweta, saa sita mchana jua liko utosini, ukimtoa mtoto nje macho yanageuka mashimo meusi. Alitufundisha kuzima taa zote, kumlaza mtoto karibu na dirisha lenye pazia jepesi, na kumgeuza ili mwanga uanzie utosini ushuke kidevuni, usitokee miguuni, kwa sababu ukitokea chini sura ya mtoto inatisha. Alituonyesha ukuta wa kijani unavyompaka mtoto ukijani shavuni. Ukisogeza shuka jeupe tu, ngozi inarudi. Fokasi kwenye jicho lililo karibu na kamera. Anayerusharusha miguu, kasi ya shata, yaani kamera inavyofunguka na kujifunga, isishuke chini ya 1/250 ya sekunde. Wa simu msimsogelee mtoto puani, pua inakuwa kubwa kuliko kichwa; rudini nyuma, tumieni lenzi ya mbali. Haya nayatumia kila wiki na wateja wangu wa Nyegezi wameona tofauti. Kwa hilo nilitaka kumpa nyota tatu.

Lakini nilimwandikia ujumbe baadaye, kwa heshima kabisa, nikamuuliza kwa nini hakutueleza habari ya picha mbili, na kama amempigia yule mama kumjulia hali. Akajibu kwamba mteja akilipa anataka picha kama za mtandaoni, na mimi kama naogopa watoto nikapige harusi. Basi. Nyota tatu nimezifuta. Mtu anayejua namna ya kumgeuzia mtoto dirisha lakini hajui kumshika kichwa, anafundisha nini? Wale vijana niliosoma nao sasa hivi wanazunguka Igoma na Kirumba na mabeseni yao, na wengine hawajawahi kumbeba kichanga.

Nampa moja, na hiyo moja ni ya dirisha.

Yule mtoto mzima, nashukuru Mungu. Nilimtafuta mama yake, nikaenda kwao na kamera, nikampiga akiwa mikononi mwa bibi yake mlangoni, mkono wa bibi uko nyuma ya kisogo na unaonekana wazi kwenye picha. Mama amezisafisha zote na hela hakudaiwa.

Wamenitumia meseji ya awamu ya pili, eti punguzo kwa wanafunzi wa zamani. Siendi. Wewe ukiamua kwenda, kabla hujatuma pesa muulize swali moja: kichwa cha mtoto atakishika nani? Akianza kuzungukazunguka, hela yako irudishe mfukoni.