Kisu cha kukunja cha bei nafuu: anza na loki, makali baadaye

Haya wadau, karibuni. Mezani leo nina visu vitatu vya kukunja, ila kabla sijagusa hata kimoja naomba mtazame kidole changu hiki cha shahada. Mnaliona kovu? Linaanzia hapa kwenye pingili linazunguka mpaka huku ubavuni. Nyuzi tatu. Nililipata njiani kuelekea Mtae, huko Usambara, mvua inanyesha, nahangaika na kigingi cha hema. Na kisu chenyewe ni hiki cheusi.

Kitazameni vizuri, maana kinavutia. Mpini mweusi, ubapa mweusi, mgongoni kina meno kama msumeno. Jina la kiwanda hakina. Siku ile nilikuwa natoboa tundu kwenye mti, nikakandamiza ncha, loki ikaachia. Ubapa ukajikunja kurudi kwenye mpini, kidole changu kikiwa katikati. Kutoka pale mpaka zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa miguu, nimefunga kidole kwa kitambaa, na wageni wawili niliokuwa nawaongoza nyuma yangu wameogopa kuliko mimi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza kisu kipi kigumu cha bei ya chini, nami nimeulizwa sana na vijana wanaoanza kazi ya kuongoza wageni, sianzi na ubapa. Naanza na kile kinachouzuia ubapa usirudi.

Sogeza kamera karibu. Hapa ndani ya mpini mnaona kibati chembamba, kimepinda kidogo? Ukifungua kisu, hiki kibati kinaruka kinasimama nyuma ya kitako cha ubapa. Ndiyo loki yenyewe. Mfumo huu si mbaya, visu vingi vizuri duniani vinautumia. Shida ni unene na mgusano. Kwenye hiki cheusi kibati ni chembamba kama mfuniko wa kopo, na kinagusa kitako kwenye ukingo tu. Ukibana kidogo, kinateleza.

Basi ukiwa dukani usione haya, mwambie muuzaji, "Kaka, naomba nikijaribu." Fungua mpaka mwisho. Shika mpini mkono mmoja, ncha ya ubapa mkono wa pili, sukuma kushoto na kulia. Ukisikia inacheza, rudisha. Halafu funga loki, weka vidole vyote mbali na mfereji wa mpini, pale ubapa unapolala ukikunjwa, bonyeza mgongo wa ubapa kwenye ukingo wa meza, taratibu, usipige. Loki ikiachia hapo dukani, mshukuru muuzaji uende zako. Rudia kufungua na kufunga mara kumi, kwa sababu loki mbovu mara nyingine inashika mara ya kwanza tu. Mwisho, kikunje ukiangalie kwa juu: ubapa ulale katikati ya mfereji, usisugue ubavu.

Haya, cha pili. Hiki wengi mnakijua: Okapi. Mpini wa mti, pambo la mwezi na nyota, na pete hii nyuma. Historia yake inatuhusu kabisa. Vilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, wakati ambapo Lushoto ninakokaa mimi Wajerumani waliiita Wilhelmstal. Jina ni la yule mnyama wa msitu wa Ituri kule Kongo, ambaye wanasayansi wa Ulaya walikuwa wamemwandika mwaka mmoja tu kabla, 1901. Tangu 1988 vinatengenezwa Afrika Kusini.

Sikilizeni ninavyokifungua. Kra, kra, kra. Hayo ni meno ya kitako cha ubapa yanapita chini ya springi hii ya mgongoni. Ukifika mwisho, springi inadaka. Kufunga, unavuta pete, springi inanyanyuka, ubapa unarudi. Hakuna skrubu ya kulegea, hakuna kilichofichwa, hata fundi baiskeli anaelewa akikiona. Chuma chake ni cha kaboni, kinanoleka upesi kwenye kinoo cha kawaida. Kwa bei yake, ni vigumu kupata kitu cha kweli kuliko hiki. Ila mkono mmoja hukifungi salama, na ncha yake ni ndefu nyembamba, ukiitumia kubandua kitu utaivunja. Lingine niliseme wazi: Afrika Kusini na Jamaika kisu hiki kimepata sifa mbaya ya ugomvi wa mitaani. Usitembee nacho mfukoni mjini, wala kwenye mkutano au uwanja wa mpira. Kiache kwenye begi la safari.

Cha tatu ndicho ninachotembea nacho. Opinel, namba 8. Nilipewa na mgeni wa Kifaransa miaka mitatu iliyopita, nikaagiza cha pili kwa pesa yangu mwenyewe. Joseph Opinel alianza kuvitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, kwenye milima ya Alpi, kwa ajili ya wakulima na wachungaji. Huko kwao ni kisu cha kukatia mkate na jibini, bei yake ni ya mtu wa kawaida. Vipo vya ukubwa mbalimbali, kila kimoja na namba yake, na namba 8 ubapa wake ni sentimita 8.5, mpini sentimita 11. Ukikiweka mfukoni unakisahau.

Loki yake ndiyo iliyoniteka. Tazama hii pete shingoni mwa mpini. Inaitwa Virobloc, aliibuni Marcel Opinel mwaka 1955. Pete ina mwanya. Mwanya ukikaa juu ya mfereji, ubapa unapita. Ukiizungusha, ukuta wa pete unaziba mfereji na ubapa hauna pa kurudia. Kibati hakuna, springi hakuna. Na kuanzia mwaka 2000 pete inafunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, hivyo hakifunguki kwenye begi. Kosa liko kwako tu, ukisahau kuizungusha. Mimi nimejizoesha: nikifungua, kidole gumba kinazungusha pete kabla sijakata chochote, hata kama ni chungwa.

Nimevijaribu vyote kwa kamba ya mkonge. Mimi ni mtu wa Tanga, kamba hii tumezaliwa nayo, na nyuzi zake ni ngumu, zinakula makali kuliko karatasi au katoni. Nilikata vipande vifupi vifupi kutoka kwenye pima moja ya kamba, kila kisu na pima yake, vyote nimevinoa mimi mwenyewe kwenye kinoo kimoja. Cheusi kiliacha kukata nusu ya pima, kikawa kinasaga nyuzi. Okapi na Opinel vilimaliza, na Opinel ikabaki inachana gazeti. Sababu mojawapo ni wembamba. Ubapa wake mgongoni haufiki hata milimita 2, kwa hiyo unapenya, haupasui. Lakini wembamba huo huo unasema kisipigwe gogo juu yake kupasua kuni. Kuni zina panga, au kisu kisichokunjwa.

Sasa chuma. Opinel inauzwa kwa aina mbili, soma maandishi kwenye ubapa. "Carbone" ni chuma cha kaboni, takriban asilimia 0.9 ya kaboni, inanoleka vizuri sana ila inashika kutu. "Inox" ina kromiamu, haishiki kutu kirahisi. Ukikatia machungwa ya Muheza ile ya kaboni, kesho yake ubapa una madoa ya kijivu na buluu. Hayo si kutu, msiyasugue, yanausaidia ubapa. Kutu ni ile nyekundu. Mkaaji wa Pangani, Pemba au Mombasa, chukua Inox, chumvi ya bahari haina huruma. Wa milimani, kaboni inatosha ukiifuta kila ukimaliza na kuipaka mafuta ya nazi kidogo. Ya nazi kwa sababu utakatia chakula.

Jambo la mwisho la Opinel: mpini ni mti, na mti ukinywa maji unavimba na kuubana ubapa. Masika hilo ni la kawaida. Wenyewe wa Savoie wana mbinu: fungua pete, gonga kitako cha mpini kwenye jiwe, hivi, ubapa unachomoza, unaushika. Usilazimishe kwa ukucha. Na tone la mafuta kwenye ribiti, ile pini ubapa unapozungukia, kabla ya mvua kuanza.

Kuna kijana wa hapa jirani ameniomba hiki cheusi, kwa vile mimi sikitumii. Namwelewa, kinapendeza, na hana kisu. Nimempa ile Okapi, yuko hapa nyuma ya kamera anaishika. Cheusi simpi mtu. Natoa ribiti yake sasa hivi mbele yenu, kibati hiki nakipinda namna hii, na jioni mnunuzi wa vyuma chakavu akipita atachukua vipande.