Tembo wangu wa Amboseli, safari hii ametendewa haki

Jamani hawa watu wa duka hili wanajua kuprinti picha. Nilikuwa na picha ya tembo dume niliyopiga Amboseli wakati wa kiangazi, jua linaelekea kuzama, Kilimanjaro nyuma imejifunga mawingu kiunoni kilele kinachungulia, tembo anakuja taratibu na lile vumbi la ziwa lililokauka linampanda miguuni, na mgongoni kasimama yangeyange mmoja. Kwa rangi ilikuwa ya kawaida tu, kila kitu kahawia, ila nilipoitoa rangi na kuikandamiza bluu, yaani kutia giza sehemu zilizokuwa bluu, anga likawa zito na theluji ikatokeza.

Sehemu ya kwanza nilikopeleka (jina silitaji) walinitolea kitu kinang'aa kama kalenda, chini ya taa tembo anakuwa kijani kijani, ukisogea dirishani anageuka zambarau, na yangeyange kawa doa jeupe hana hata unyoya. Niliumia sana, maana picha ya hivi utamu wake wote uko kwenye kijivu.

Hapa jamaa hakukimbilia mashine. Aliuliza itakaa wapi, kuna mwanga gani, akafungua faili akaniwekea kidole pale kwenye sikio la tembo, nilikuwa nimekaza kontrasti hadi mikunjo imemezwa na weusi, akaniomba nilete faili ghafi kama ilivyotoka kwenye kamera. Kisha akatoa vipande viwili vidogo vya majaribio, kimoja sikio kimoja ndege, tukatoka navyo nje tukavikagua juani. Printa yao ina wino wa kijivu wa peke yake, haikorogi rangi kutafuta kijivu, ndo maana ule ukijani haupo kabisa. Karatasi ni ya pamba, nzito, haing'ai.

Walichelewa siku nne kuliko walivyoahidi na boksi walilofungia ni laini mno, kona moja ilijikunja kidogo, hilo warekebishe.

Ila nimeitundika sebuleni saizi ya A2 na baba yangu alipokuja alisimama mbele yake muda mrefu, akasema huyu katoka kinamasini sasa hivi. Nikamuuliza umejuaje baba, akanionyesha miguu, chini imekolea weusi, juu imepauka, na katikati kuna mstari kabisa maji yalipofikia. Miezi yote niliyokaa na ile picha ya rangi sikuwahi kuuona.