Duka la plaiwudi Chake: marini isiyotaka maji

Jina la duka silitaji, sitaki ugomvi na watu ninaokutana nao kila mwezi. Ni duka la vifaa vya ujenzi Chake Chake. Mwaka huu nimenunua kwao mara nne, zote kwa ajili ya kihori kimoja, chombo kidogo cha baharini cha chini bapa, ninachokiunda uwani kwangu huku Micheweni. Nawapa nyota tatu kati ya tano, na mbili katika hizo ni za skurubu.

Kihori ni cha mama watoto. Analima mwani. Bamvua likija, maji yakikauka, yeye na wenzake wanavuna, kisha viroba vinavyochuruzika vinabebwa kichwani mpaka pwani. Nikataka chombo cha kuelea kwenye maji ya magotini, na maji yakitoka kikae wima mchangani, kisilale ubavu kama mashua. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si fundi wa vyombo. Tezo ya kuchongea mbao siijui, lakini kupima najua.

Nikaenda na karatasi yangu: plaiwudi tatu, futi 8 kwa 4, mili 9, za kuhimili maji ya chumvi, zile ziitwazo marini. Kijana wa kaunta hata uso hakuinua. "Chukua marini hiyo nyeusi, mwalimu. Maji hayaingii hapo." Zinang'aa kama sahani. Nikalipa, zikafungwa juu ya keria, tukaondoka.

Mbavu, yaani kuta mbili za pembeni, zinapatikana hivi: plaiwudi moja unaichana kwa urefu vipande vitatu vya inchi 16 (si 16 kamili, maana msumeno nao unakula). Viwili unaviacha vizima, cha tatu unakikata katikati, na kila nusu unaiunga na kipande kizima kwa kuwekea kiraka upande wa ndani. Hapo una mbavu mbili za futi 12. Plaiwudi mbili zilizobaki ndiyo chini ya chombo, na makombo yanatosha kiti na ubao wa tezi, yaani nyuma.

Gundi niliipaka jioni. Asubuhi nikashika kiraka kwa vidole viwili, kikabanduka kizima kizima. Ndipo nikafahamu: ile ngozi nyeusi imewekwa ili zege isiishike mbao mafundi wanapomwaga nguzo. Kama zege haishiki, gundi itashika nini? Nikaparuza kwa msasa siku mbili, mikono ikafa ganzi, nikapaka tena. Safari hii ikashika. Nikazifunga mbavu kwenye fremu ya kati, nikaanza kuzivuta zikutane omo, yaani mbele, kwa kamba na kijiti cha kukazia. Tah! Ubavu wa kushoto ukapasuka. Nikachungulia ndani ya ufa: tabaka la kati lina pengo, kidole kinaingia.

Nikachukua kipande cha ukubwa wa kiganja nikakitia kwenye sufuria, nikakichemsha saa nzima. (Sufuria hiyo nimekatazwa kuigusa tena.) Kikafunguka tabaka tabaka kama mkate wa kusukuma. Plaiwudi iliyogandishwa kwa gundi ya fenoli haijali maji ya moto. Ya yurea huachia. Pima hivyo kabla hujakata, mimi nilipima baada.

Nilirudi dukani na kile kipande mfukoni. "Ilokatwa hairudi, mwalimu." Sawa, hilo silipingi. Lakini aliyesema maji hayaingii ni nani? Akatazama simu yake. Aliyeniokoa ni mzee mwenye duka, alitoka stoo, akakigeuzageuza kipande, akamtazama yule kijana, hakusema neno. Akanipeleka kwenye rundo la nyuma, plaiwudi za rangi ya kahawia, akanikatia pembe ya moja iliyovunjika: "Nenda kachemshe, ndo urudi." Nikachemsha (kwenye kopo). Haikufunguka. Bei yake karibu mara mbili, akanipunguzia elfu 8 kila moja.

Skurubu zao sina la kusema. Za stenlesi, wanauza hata moja moja, na sumaku imefungwa kwa uzi kaunta ujaribu mwenyewe, maana stenlesi nzuri haivutwi. Kwa skurubu wana sumaku, kwa mbao hawana hata sufuria!

Mbavu mpya zimekunjika bila kelele. Jirani yangu mmoja, mzee wa majahazi, alikuja kukizunguka chombo mara mbili akasema, "Yakhe, hiki hakina mkuku. Kitakwenda upande kama kaa." Basi nimekipigilia mti chini uwe mkuku, kuanzia katikati mpaka tezi.

Ukienda Ijumaa wahi, wanafunga kabla ya saa 6, na muulize mzee, si kijana. Plaiwudi nyeusi iliyobaki nimeifanya mlango wa banda la kuku. Mvua za masika zimeipiga wiki tatu, pembe ya chini imefura na kuku wanaidonoa.