Kinoo, tupa, msasa au grenda: ukinunua kimoja tu, anza na hiki

Nimeona nyumba yenye mapanga manne, yote butu. La tano lilikuwa njiani kununuliwa, wakati kilichokosekana ni cha kunolea tu. Nimevipanga hapa kwa ajili ya mtu wa nyumbani mwenye panga, jembe, visu vya jikoni na labda patasi moja. Fundi wa karakana ana mahesabu yake.

Cha kwanza ni kinoo cha pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini. Kinanoa chuma kigumu na chuma laini, tena hakitaki umeme. Chukua cha nchi 8. Vile vya nchi 4 vinakulazimisha unoe kwa vipande, makali yanatoka na mawimbi. Dukani omba viwili, vibandike uso kwa uso, kisha vielekeze kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, kimojawapo kimepinda. Amua mapema kama utatumia maji au mafuta, maana kilichokwisha kunywa mafuta hakiyataki tena maji. Mafuta ya kupikia yasikiguse kabisa: yanaganda na kuziba vitundu. Kikibonyea katikati kwa kutumika, kisugue kwenye sakafu ya saruji yenye mchanga na maji mpaka kinyooke.

Cha pili, tupa bapa ya nchi 10. Kwa panga na jembe inakiacha kinoo mbali, kwa sababu chuma cha zana hizo si kigumu sana. Kwenye patasi nzuri itateleza, na ukilazimisha utaiua tupa. Inakula ikisukumwa, ukiirudisha, inyanyue. Kabla ya kulipa angalia meno: ncha zinazong'aa zimekwisha lika. Mara nyingi inauzwa bila mpini, na ule mkia unaweza kukutoboa kiganja, basi chomeka gunzi la mahindi. Msumeno wa mbao unataka tupa ya pembe tatu, ila ukiona ncha za meno yake zina weusi wa bluu, zimefanywa ngumu kwa joto na hazinoleki. Usipoteze hela.

Tatu, msasa wa maji, namba 220, 400 na 1000, uliolazwa juu ya kioo kinene. Kwa patasi hakuna kinachoushinda hapa. Tatizo unaisha, na kila ukiisha unarudi dukani.

Grenda naiweka mkiani, wacheke wanaocheka. Niliazima moja ninolee patasi ya nusu nchi, na sekunde chache tu ncha ikageuka bluu. Rangi hiyo maana yake joto limefika karibu nyuzi 300 na ugumu wa chuma umeondoka. Niliipeleka kwenye mninga, ikapoteza makali kabla sijamaliza tundu moja. Siku hizi nafungulia makopo ya rangi.